Maski ya taa kwa chunusi, kabla hujatoa hela soma hapa

Dada uliyeuliza kama ile maski ya taa ya rangi saba inamaliza chunusi, mi nimeitumia. Zangu zilikuwa zile ndogondogo zenye usaha, mashavuni na kidevuni, na kwa aina hiyo inasaidia kiasi, zilipungua ila nikiacha zinarudi. Vichwa vyeusi vya puani haviguswi, na yale mavimbe makubwa yanayouma kwa ndani usihangaike nayo na taa, nenda kwa daktari wa ngozi.

Rangi zenye kazi kwenye chunusi ni mbili tu, bluu na nyekundu, hizo zingine ni mbwembwe za kupandishia bei. Bakteria wa chunusi wanatengeneza vitu vinaitwa pofirini, sasa mwanga wa bluu wa kama nanomita 415 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) ukizipiga zinazalisha sumu inayowaua haohao. Nyekundu inazama zaidi, inatuliza uvimbe.

Shida ni kwamba wauzaji hawakwambii habari ya ngozi zetu nyeusi, yaani hiyo bluu inaweza kuchokoza melanini, ile inayoipa ngozi weusi, chunusi inaisha lakini doa linabaki limekolea, na kwa wengi wetu doa ndo linakera kuliko chunusi yenyewe. Daktari aliniambia niache bluu nibaki na nyekundu, akanipa dawa za chunusi za kupaka, adapalini ya usiku na benzoili peroksaidi ya asubuhi, na sanskrini (krimu ya kukinga jua) kila siku hata nikishinda ndani karibu na dirisha. Kusema ukweli hizo dawa zimefanya kazi kubwa kuliko taa.

Halafu saluni wakikwambia IPL ni "taa ileile" kataa, ule ni mwanga mkali wa mipigo, melanini inaunyonya na ngozi nyeusi inaungua kirahisi.

Kama unameza doksisaiklini au isotretinoini, dawa za chunusi zinazoweza kufanya ngozi isivumilie mwanga, au una tatizo la macho, muulize daktari kwanza. Neutrogena wenyewe, kampuni kubwa ya vipodozi vya ngozi, 2019 waliitoa maski yao sokoni kwa wasiwasi wa macho, sembuse hizi zisizojulikana zimetoka wapi.

Ila kabla ya yote hebu tuambie unapaka nini usoni saa hizi, maana kama ni mkorogo au krimu yenye betamethasoni (dawa ya steroidi), hiyo yenyewe inaleta chunusi na hakuna taa itakayoshindana nayo (na usiikate ghafla bila daktari, uso unaweza kulipuka).