Cherehani mpya, wiki 6 kabla ya Idi: chunga shingo

Dada, umesema cherehani umeinunua juzi, una watoto watatu, Idi imebaki wiki 6, na juu ya hapo unataka kuwashonea mama mkwe na mawifi zawadi. Umeuliza kama inawezekana. Inawezekana, ila si vyote hivyo kwa mwaka mmoja. Mimi nashona nguo za sikukuu za nyumbani kwangu mwaka wa 11 sasa, hapa hapa Mbagala, Dar, na ule wa kwanza niliumbuka.

Mama yangu alikuwa fundi. Mwaka 2000 Idi ya kufungua ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, bega kwa bega na Krismasi, na nakumbuka vitambaa vya Waislamu na vya Wakristo vimelundikana mpaka kitandani. Lakini kazi yangu mimi ilikuwa kutia vifungo na kukunja pindo. Kukata hakuniruhusu. Kwa hiyo nilipopata cherehani yangu nilijiona fundi wa kuzaliwa.

Asubuhi ya Idi mtoto ameshaogeshwa, ananukia udi, namvalisha gauni la kitenge nililolimaliza saa saba usiku. Kichwa hakipiti. Nikavuta, akalia, nikavuta tena, mshono ukaachia. Nilikuwa nimempima shingo kwa futi kamba nikakata kwa kipimo hicho hicho, bila kuwaza kwamba nguo inaingilia utosini. Mtoto wa miaka 3 au 4 kishingo chembamba, lakini kichwa kinakaribia sentimita 50 kuzunguka. Wenzake wakatoka wanameremeta, wangu akavaa la mwaka jana limempanda juu ya magoti.

Tangu siku hiyo sikati shingo kabla sijapima kichwa, futi kamba ipite juu kidogo ya masikio. Ukishapata kipimo, ama ufungue shingo iwe kubwa kuliko kichwa kwa sentimita 2 au 3, ama uiache ndogo, uchane mpasuo wa sentimita 10 hivi mgongoni na utie kifungo kimoja na kitanzi. Mimi napenda huo mpasuo. Shingo pana kwa mtoto mwembamba inamwangukia begani siku nzima, na picha zote za sikukuu zinatoka anajivuta nguo.

Vipimo vingine usijisumbue navyo sana. Chukua gauni au shati linalomkaa vizuri sasa hivi, lilaze juu ya gazeti, lichore kwa kalamu, uongeze sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono na 4 au 5 chini kwa ajili ya pindo. Pindo liwe kubwa, mwakani utalishusha. Ila usichore kutoka kwenye fulana! Fulana inavutika, kitenge hakivutiki. Utashona kitu kizuri kabisa na mtoto hatoweza kunyanyua mikono.

Kitambaa kiloweke kabla hujakikata. Cha pamba kikipata maji mara ya kwanza huwa kinarudi, na kikirudia mwilini mwa mtoto umekwisha. Loweka usiku mmoja, anika kivulini, piga pasi, ndipo ukate. Khanga nyekundu na nyeusi zifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Najua wengi humu watakwambia utie chumvi. Mimi nilitia chumvi na shuka langu jeupe bado likatoka la waridi. Na ukienda maduka ya Mtaa wa Uhuru usiamini tu maandishi ya pembeni ya kitenge. Omba uzi mmoja wa pembeni uuchome kwa kiberiti: pamba inanuka kama karatasi na kubaki majivu laini, polista inayeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Kwa joto la Dar mtoto mwenye gauni la polista atalivua kabla ya pilau.

Kitenge kizima cha yadi 6, gauni la marinda la mtoto wa miaka 4 au 5 linakula kama yadi moja na nusu, kwa hiyo kimoja kinawatosha wote watatu na cha kukosea kinabaki. Cha kukosea kitahitajika. Angalia pia michoro inaelekea wapi. Mimi nimewahi kumvalisha mtu ndege waliolala kichwa chini.

Ulilalamika uzi unajikunja chini ya kitambaa na ukadhani bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ni mbovu. Mara nyingi kosa liko juu. Toa uzi wote, nyanyua mguu unaokandamiza kitambaa, ndipo upitishe uzi upya. Mguu ukiwa chini uzi haukai sawasawa kwenye vile visahani vinavyoubana. Sindano weka namba 14 kwa kitenge, na itupe ikianza kugonga kwa sauti.

Sasa zawadi. Watu wazima usiwashonee nguo mwaka huu. Shona vitu visivyo na mwili: foronya, aproni, mifuko ya kubebea juzuu kwa watoto wa madrasa. Foronya ni mishono minne iliyonyooka, na ndiyo itakayokufundisha kushona mstari bila kuyumba kabla hujagusa shingo ya mtu. Doti moja ya khanga inatoa foronya za kutosha kugawa.

Lakini soma jina la khanga! Nilimshonea wifi yangu mkubwa foronya mbili, rangi nimechagua kwa uangalifu wote, kijani na zambarau, anazopenda. Akafungua mbele ya watu, akazigeuza, akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Sebule nzima kimya. Nikaapa kwamba mimi niliangalia rangi tu, akasema sawa wifi, sawa. Mpaka leo zile foronya sijaziona kitandani kwake. Na ukikata, usikate katikati ya maandishi, maana nusu inayobaki inaweza kusema jambo ambalo hukulikusudia.

Kuna ndugu hapo juu amekushauri ufume masweta. Kama unampelekea mtu wa kwenye baridi, Njombe au Makete, sawa, atakuombea dua. Hapa Dar sweta la mtu mzima ni zawadi ya kabatini. Na kufuma kunakula muda. Kisweta cha kichanga kwa sindano mbili kinanichukua wiki mbili za jioni, na mimi si mgeni. Kama mkono wako unaijua kroshia, mfumie mama mkwe kitambaa kimoja cha meza, ukitie wanga, ukipige pasi. Seti nzima ya makochi iache.

Ya kofia ndiyo kabisa usiingie. Nilitaka kumshonea baba kofia ya viua kwa mkono, ile ya vitundu ambayo kila kimoja unakizungushia uzi. Nilianza Rajabu nikiwa na uhakika wa Idi ndogo. Nilimkabidhi Idi kubwa, Mfunguo Tatu, duara la juu limepinda kidogo. Anaivaa, ila huigeuza upande uliopinda ukae nyuma.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, wiki hii na ijayo ni foronya na mifuko tu. Wiki ya tatu loweka na kukata nguo za watoto zote kwa mkupuo, kisha mtoto mmoja kila wiki, na kila mmoja umjaribishe kabla hujakunja pindo. Fundi wa mtaani kapatane naye mapema, kabla ya kumi la mwisho la mfungo, maana baada ya hapo wengi hawapokei kazi mpya. Utamhitaji, kwa sababu uliuliza pia kama ununue mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Usinunue. Mpelekee nguo zilizokwisha mshono azipige ovaloki pembeni, dakika chache tu, na ulipe hela ndogo.

Ukishakata shingo ya kwanza, weka picha hapa kabla hujaishona.