Maswali yenu wiki hii kuhusu kupanda treni Dar es Salaam: Stesheni, Tazara na Gerezani

Nimekata tiketi ya SGR, ile treni ya umeme, ya kwenda Morogoro, dada ananiambia nikapandie Tazara. Ni kweli?

Hapana. Jamani hili swali nalijibu mpaka nachoka. Tazara ipo barabara ya Nyerere na treni zake zinaelekea Mbeya mpaka Zambia, SGR inaanzia Stesheni, mjini kabisa. Ukiwa Buguruni ukamwambia boda "nipeleke stesheni ya treni" atakupeleka ya karibu, ambayo ni Tazara, na treni yako utaisikia kwenye bomba. Taja SGR ya mjini. Na soma tiketi yako, imeandikwa!

Natokea Kimara, basi la mwendokasi litanifikisha stesheni ya SGR?

Litakufikisha, ila angalia bango la basi liwe la Gerezani siyo la Kivukoni, yanaachana pale Fire na kuna watu wanashtukia wako Posta na mabegi yao wakati treni inakaribia kuondoka. Ukishashuka Gerezani bado kuna kutembea, na hapo ndo roho inaniuma. Tumejenga treni ya umeme inayofika kilomita 160 kwa saa, Moro unafika muda ambao zamani hata Chalinze ulikuwa hujaiona, halafu kile kipande kidogo kati ya basi na mlango wa stesheni mama anavuka barabara na begi kichwani, mtoto mgongoni, jua au mvua. Mwendokasi ilianza 2016, SGR ikaanza kubeba abiria 2024, miaka 8 katikati, kwa maoni yangu ilitosha kabisa kuviunganisha kwa njia yenye paa. Mimi nitaendelea kulisema hili, kwa sababu safari ya mtu inaanzia mlangoni kwake, haianzii kwenye kiti cha treni. Toka nyumbani mapema kuliko unavyodhani, foleni ya kupanda basi asubuhi Kimara unaijua mwenyewe, na stesheni kuna ukaguzi wa mizigo kabla hujaingia.

Naweza kusafiria tiketi ya shemeji, yeye kapata dharura?

Hapana, ina jina lake na wanakagua kitambulisho.

Kwanini treni ya Tazara isiingie tu hapo hapo Stesheni tubadilishie sehemu moja?

Swali zuri hili, ningependa mengi yawe hivi. Jibu ni reli zenyewe, hazilingani upana. Ile ya zamani waliyoanza kujenga Wajerumani 1905 ni milimita 1,000, Tazara ni 1,067 kwa sababu ilibidi ilingane na ya Zambia na kusini huko, SGR ni 1,435. Mji mmoja reli aina tatu, na behewa la hii haliwezi kutembea kwenye ile. Ndo maana hata mizigo ya Tazara na reli ya zamani inahamishwa pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana. Kwahiyo Tazara kuingia mjini ni kujenga njia nyingine mpya, siyo kukunja kona tu. Lakini abiria siyo kontena, abiria ana miguu. Basi la uhakika kati ya Tazara na Stesheni, lililopangwa kufuata ratiba za treni, halihitaji reli hata moja, na tiketi yake ingeweza kukatwa pamoja na ya treni. Hilo ndo la kudai.

Nakaa Gongo la Mboto, nikitoka Dodoma nishukie Pugu au niende mpaka mjini?

Pugu, ya nini kwenda mjini ukarudi na foleni ya barabara ya Nyerere? Ila hakikisha wakati wa kukata tiketi kwamba treni yako inasimama Pugu, zile za haraka zinapitiliza. Na kama unaingia usiku ongea na mtu wa kukupokea kabla hujapanda, usianze kutafuta bajaji gizani na mizigo.