Seva Ilishautaja Ugonjwa, Mimi Sikuuliza

Juzi msomaji wa Moshi kaniandikia. Seva ya ofisi yao, yaani kompyuta kuu inayohudumia zile nyingine, Dell PowerEdge, inajizima mchana kweupe. Kashapiga Windows upya mara mbili na bosi ameanza kumtazama vibaya. "Kaka, nifanyeje?" Nilikuwa Sakina nasubiri chai, na chai ikanishinda. Kijana huyo ni mimi wa miaka 6 iliyopita.

Nilikuwa na kazi kwenye ofisi moja hukohuko Moshi. Seva ikaanza kuzima. Nikapanda Coaster kutoka Arusha, kilomita kama 80, nikafika nikaikuta inafanya kazi bila shida. Nikapuliza vumbi, nikageuza. Nafika Usa River, simu inaita: imezima tena. Safari ya pili nikapiga Windows upya. Ya tatu nikabadilisha UPS, ile betri ya akiba, na kuulaumu umeme, maana umeme wetu haukosi wa kuusingizia. Ya nne sikuitwa. Aliitwa fundi mwingine, akafungua iDRAC, mlinzi aliyemo ndani ya seva yenyewe, akasoma mstari mmoja: kijiti cha RAM kwenye nafasi A3, makosa yamezidi kiwango. Akakichomoa. Nusu saa kazi imekwisha.

Mstari ule ulikuwa umeandikwa siku mbili kabla ya safari yangu ya kwanza. Mhasibu wao alinisimulia mbele za watu, na mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Ndugu zangu mafundi, seva si laptop. Ndani yake kuna kompyuta nyingine ndogo inayojitegemea: kwa Dell inaitwa iDRAC, kwa HPE ni iLO. Hata seva ikiwa imezimwa, maadamu waya wa umeme umechomekwa, yenyewe iko macho. Inafuatilia joto, feni, pawa saplai na RAM, na kila hitilafu inaiandika pamoja na saa yake. Ina tundu lake la mtandao kwa nyuma. Kwenye ofisi ile tundu hilo lilikuwa tupu tangu siku ya kufunga seva, na aliyeifunga ni mimi.

Kwa hiyo chomeka waya siku ileile ya kwanza. Weka saa sawa, la sivyo tarehe za hitilafu zitakupoteza. Badilisha nywila ya kiwandani. Dell za zamani zilikuja na root na calvin, na kila fundi anaijua. Usiiache wazi kwenye intaneti, ingia kwa VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Soma kumbukumbu za hitilafu kwanza, bisibisi baadaye. Narudia: soma kwanza.

Ukiwa mbele ya mashine ya Dell, iwashe upya ubonyeze F10, uingie Lifecycle Controller, menyu ya matengenezo ya seva, kisha vipimo vya vifaa. Kumbukumbu za hitilafu zimo humohumo pia. Vipimo vinataka seva isimame, kwa hiyo elewana na watu wa ofisi, nenda jioni. Kijiti ukikishuku, kihamishie nafasi nyingine. Kosa likihama nacho, kijiti ni kibovu. Likibaki palepale, shuku tundu la kijiti au bodi kuu.

Mwezi uliopita, saa 5 usiku, niliingia kwenye seva ya mteja wa Moshi nikiwa kitandani kwangu. Pawa saplai moja kati ya 2 ilikuwa imekufa, ya pili inabeba mzigo peke yake. Asubuhi nilipanda gari la kwanza nikiwa na kifaa mkononi, nikakibadilisha seva ikiwa inawaka. Wafanyakazi wakaendelea kuchapa ankara zao. Nilitembea hadi stendi kifua mbele, sitawaficha.

Yule kijana nimemtumia haya yote. Amenijibu leo: ameangalia nyuma ya seva, tundu lipo tupu. Nimemwambia atafute waya, mita 2 zinatosha, na jioni abonyeze F10 anitumie picha ya mistari yote.