Pumzi ya kuimba: kazi iko kwenye kuitoa

Mwimbaji anayeishiwa pumzi katikati ya mstari huambiwa avute hewa nyingi zaidi. Wanakwaya ninaowafundisha nawaambia kinyume chake: vuta ya kutosha tu, kisha jifunze kuitoa polepole. Ukijaza kifua mpaka pomoni, mabega hupanda, shingo hukakamaa, na hewa yote hutaka kutoka kwa mkupuo mara tu unapofungua mdomo. Neno la kwanza linavuma, la mwisho halisikiki.

Anza kwa kulala chali, magoti umeyakunja, kitabu kiko juu ya tumbo. Pumua kama kawaida. Kitabu kitapanda ukivuta na kushuka ukitoa. Kinachofanya kazi hapo ni kiwambo, msuli mpana ulio chini ya mapafu. Kikikaza hushuka, mapafu yakapata nafasi, na vilivyomo tumboni vikasukumwa mbele. Hewa yenyewe haiendi tumboni, hata kama wengi husema hivyo. Ukishazoea, simama na uweke viganja kwenye mbavu za chini. Zinapaswa kutanuka kando huku mabega yametulia.

Sasa zoezi ninalolipenda kuliko yote. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, kisha itoe kwa "sss" nyembamba, viganja vikiwa bado mbavuni. Mapafu yaliyojaa hujirudi yenyewe, kwa hiyo kazi yako ni kuyachelewesha: mbavu zibaki zimetanuka kadiri inavyowezekana huku hewa ikitoka. Usikimbilie kuhesabu sekunde. Sikiliza. Kama "sss" inaanza kwa nguvu kisha inafifia, au inakatikakatika, fupisha. Sekunde 15 zilizo sawa mwanzo hadi mwisho zina faida kuliko 40 za kusuasua. Ukihisi kizunguzungu, acha, keti, pumua kawaida.

Baada ya hapo tetemesha midomo, "brrr", ukipanda na kushuka noti chache. Midomo husimama papo hapo pumzi inapolegea, kwa hiyo huwezi kujidanganya. Wanaoshindwa nawapa mrija mwembamba waimbe kupitia humo. Mwanasayansi wa sauti Ingo Titze ameueleza vizuri mrija huu: njia ikiwa nyembamba, msukumo wa hewa hurudi nyuma na kuzisaidia nyuzi za sauti kutetema bila kugongana kwa nguvu.

Lakini mazoezi haya yasiishie pembeni, yapeleke ndani ya wimbo. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa akilikata neno "milele" katikati kila tulipofika kwenye kiitikio. Tuliuchukua mstari ule ule, tukaupitia kwa "sss" kwa mwendo wa wimbo, tukaurudia kwa "brrr", ndipo tukaweka maneno. Kumbe pumzi alikuwa akiimaliza mapema, kwenye maneno mawili ya mwanzo aliyoyaimba kwa hewa nyingi kupita kiasi. Alipoyapunguza, "milele" ikafika nzima.

Chukua penseli uweke alama kila mahali utakapovuta pumzi, tena pawe mwisho wa wazo, kamwe si katikati ya neno. Nafasi ikiwa fupi, legeza tumbo na koo, hewa itaingia yenyewe bila kelele. Ukisikia mkoromo unapovuta, koo limebana: rudi kwenye kitabu na tumbo kabla ya kuendelea.