Divai nyekundu ya Stellenbosch: ushauri kwa wawili wanaotoka Lubumbashi

Kosa la kwanza la bwana na bibi wanaokwenda kuonja divai Afrika Kusini ni tamaa ya mashamba mengi. Wanapanda ndege Luano, wanabadili Johannesburg, wanatua Cape Town jioni, na kesho yake wana orodha ya mashamba saba ya Stellenbosch, mji wa divai ulio karibu. Wakifika la nne ulimi umeshachoka. Kila glasi ina ladha ileile, mmoja anataka kulala, mwenzake ananunua chupa ambazo akija kuzifungua nyumbani hakumbuki alizipendea nini. Pangeni mashamba matatu kwa siku, basi: la kwanza saa nne asubuhi, la pili kabla ya chakula cha mchana, la tatu saa nane au tisa. Mengi hufunga saa kumi na moja na baadhi hayafunguliwi Jumapili, kwa hiyo wekeni nafasi mapema.

Kinachochosha ulimi ni tanini, yaani kile kitu cha ukakasi kinachotoka kwenye maganda ya zabibu. Zabibu nyingi nyeusi ukizikamua, maji yake hutoka karibu meupe. Wekundu na ukakasi viko kwenye maganda, ndiyo maana maganda huachwa ndani ya maji hayo siku kadhaa, hata wiki mbili na zaidi, divai ikichacha. Tanini hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake. Ndiyo sababu divai changa ya zabibu iitwayo Cabernet Sauvignon inashika fizi kama ndizi mbichi. Glasi moja haina neno. Zikifika kumi na mbili hivi, mate hayajirudishi upesi, na divai laini nayo inaonekana kali. Maji na mkate mtupu husaidia. Jibini ni nzuri, lakini iacheni mpaka mmeshaamua mtanunua nini, kwa kuwa mafuta na protini zake hufunika ukakasi, na divai yenye kasoro inapita kama haina tatizo.

Sasa hesabu ya pombe, maana hapa ndipo safari nyingi huharibika. Glasi ya kuonja hutiwa kama mililita 30. Divai tano ni mililita 150, yaani glasi nzima ya mezani. Mashamba matatu ni mililita 450, zaidi ya nusu chupa kwa kila mmoja, na divai nyekundu za kule huwa na pombe ya asilimia 13.5 hadi 14.5. Kwa asilimia 14 hiyo ni karibu gramu 50 za pombe tupu. Sheria ya Afrika Kusini humkamata dereva mwenye gramu 0.05 kwa kila mililita 100 za damu, na mwili wa mwanamke, kwa kuwa kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanaume, hufika huko kwa kiasi kidogo zaidi. Basi agizeni seti moja ya kuonja, ombeni glasi mbili, mgawane. Na mteme. Kwetu kutema mezani ni aibu. Kule chombo cha kutemea kimewekwa kwa ajili hiyo, na mhudumu akiona unatema anajua umekuja kuonja kweli, mara nyingi ndipo anapoanza kueleza mambo ya maana. Fanyeni mazoezi na maji bafuni hotelini: kusanya midomo kama anayepiga mluzi, inama karibu, sukuma kwa nguvu moja. Anayetema polepole ndiye anayejichafua nguo.

Hata mkitema, kodini dereva. Kule magari hushika kushoto, sisi tumezoea kulia, na permi ya kuendesha gari iliyoandikwa kwa Kifaransa peke yake haitoshi, inahitaji permi ya kimataifa au tafsiri. Bibi akiwa mjamzito, yeye anuse tu. Nusu ya kazi hufanywa na pua, kwa hiyo hatakosa mengi.

Kuonja kwenyewe ni hivi. Weka karatasi nyeupe mezani, inamisha glasi juu yake, tazama ukingo wa divai na si katikati. Ukingo wa zambarau ni wa divai changa. Ukielekea rangi ya tofali, divai imekaa miaka. Nusa kwanza bila kuzungusha, maana harufu nyepesi hutangulia na huondoka mara tu glasi ikitikiswa. Kisha zungusha glasi ikiwa imekaa mezani, nusa tena. Chukua kiasi cha kijiko kimoja cha mezani, kipitishe mdomoni pote kwa sekunde kumi, vuta hewa kidogo kwa midomo, tema, halafu hesabu kimyakimya ladha inadumu muda gani. Ikikatika baada ya sekunde tatu, hiyo ni divai ya kawaida. Ikifika kumi na zaidi bila kugeuka chungu, simama hapo: hiyo ni divai nzuri. Anzeni na nyepesi: Pinot Noir na Cinsaut, kisha Pinotage, Shiraz, mwisho Cabernet Sauvignon na zile za mchanganyiko. Manukato, kahawa na dawa ya meno viwe mbali nanyi kwa saa moja kabla.

Na hili tunalisisitiza kuliko yote: andikeni kabla ya kuambiana. Kila mmoja awe na daftari lake dogo, lenye sehemu tatu: harufu, mdomo, na chakula ambacho angeinywea. Bwana akitangulia kusema "nasikia kahawa", bibi naye atasikia kahawa, hata kama pua yake ilikuwa imeshaanza kushika harufu ya matunda meusi. Pua hukubali kushawishiwa upesi sana. Mkimaliza divai zote za shamba, badilishaneni madaftari. Mtashangaa jinsi mnavyotofautiana: mmoja anavumilia ukakasi, mwingine anaona uchungu palepale. Nunueni zile ambazo wote wawili mliziwekea alama bila kujuana, na kila mmoja aruhusiwe chupa moja ya kwake peke yake.

Stellenbosch uko kilomita 50 hivi mashariki mwa Cape Town, mji ulioanzishwa mwaka 1679. Siku ya kwanza shikeni barabara ya R44 kuelekea Paarl, chini ya mlima Simonsberg. Huko kuna Warwick na Kanonkop, na ukiingia barabara ya Knorhoek kuna Muratie na Delheim. Chagueni matatu, umbali kati yake ni dakika chache. Siku ya pili nendeni upande wa Helderberg, Rust en Vrede, ambako wamejikita kwenye nyekundu, kisha Meerlust, wanaotengeneza Rubicon, mchanganyiko hasa wa Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc, ulioanza na mavuno ya 1980. Franschhoek, mji wa jirani, kuna tramu inayozungusha wageni shamba kwa shamba. Inawafaa wasiotaka dereva, ila ratiba ya tramu ndiyo inayowaamulia muda wa kukaa.

Pinotage msiiruke, hata kama mtu alishawahi kuwaambia ni mbaya. Ni zabibu iliyozaliwa hapohapo: mwaka 1925 Abraham Izak Perold alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wakati ule kule iliitwa Hermitage, na jina likaunganishwa. Ikitengenezwa vibaya, joto likipanda mno wakati wa kuchacha, hutoa harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi au ya rangi ya kucha. Ikitengenezwa vizuri ina matunda meusi, ukali wa kiasi, na hukaa miaka kumi bila shida. Onjeni ya mashamba mawili tofauti siku moja, ndipo mseme mnaipenda au hamuipendi.

Kasoro nyingine zinazofaa kujulikana: harufu ya katoni iliyolowa maana yake kizibo kimeharibika, hata kama divai yenyewe ilikuwa njema, na chupa hiyo shamba litaibadilisha bila ubishi mkisema kwa upole. Harufu ya siki ni hewa na bakteria. Harufu ya matunda yaliyopikwa ni joto.

Mavuno huanza mwishoni mwa mwezi wa kwanza na huendelea hadi wa tatu au wa nne. Mkienda wakati huo mtaona kazi yenyewe: maganda hupanda juu yakawa kama kofia nzito juu ya tangi, na mtu husimama na mti mrefu akiyashindilia chini, mara kadhaa kwa siku, ili rangi iendelee kutoka. Msiinamie tangi lililo wazi kunusa. Divai inayochacha hutoa kaboni dayoksaidi, ni nzito kuliko hewa, hutulia juu ya tangi, na mtu huzimia kabla hajajua. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, wakati Lubumbashi ni kiangazi, kule ni mvua na baridi. Bebeni koti. Mashamba huwa na watu wachache, na mhudumu ana muda nanyi.

Kwa karatasi: pasipoti ya kawaida ya Kongo inahitaji visa, na cheti cha homa ya manjano kitaulizwa mkitoka kwetu. Lipieni kwa kadi au randi. Ulizeni pia kama ada ya kuonja inafutwa mkinunua, baadhi ya mashamba hufanya hivyo.

Chupa iliyojaa ina kilo 1.3 hivi, zile za kioo kinene hufika 1.6. Chupa sita ni kilo nane hadi kumi hivi, kwa hiyo kwenye valizi ya kilo 23 mnabaki na nafasi ya nguo. Ndani ya ndege hamruhusiwi kubeba chupa mkononi. Ziwekeni kwenye valizi la kupakiwa. Ingiza kila chupa ndani ya soksi nene, kisha mguu wa suruali ya jinzi, na ufunge yote kwenye mfuko wa plastiki, ili moja ikivunjika isichafue nyingine. Ziwe katikati ya valizi, shingo zielekee ndani, na chupa isiguse chupa nyingine wala ukuta wa valizi. Tunzeni risiti kwa ajili ya forodha.

Mkishafika nyumbani, msifungue wiki hiyo. Laza chupa chini, chumba cha ndani kisicho na jua, sakafuni ambako ni baridi kuliko kabatini. Juu ya frigo ni mahali pabaya kabisa: kuna joto, na mtikisiko hauishi. Mkija kununua divai za Afrika Kusini madukani hapa mjini, kumbukeni kwamba nyingi zimekuja na malori kupitia Kasumbalesa, na foleni ya mpakani jua likiwa kali huzipika. Pitisha kidole juu ya chupa: kizibo kikiwa kimejisukuma nje, au kukiwa na unato chini ya kofia ya shingo, irudishe rafuni.

Mezani, joto la nyumba la mwezi wa kumi linazidi divai. Inataka nyuzi 16 hadi 18, basi iingize frigo dakika 20 kabla. Bukari (ugali) na mbuzi wa kuchoma vinapatana na Shiraz au Pinotage, kwa sababu mafuta ya nyama hulainisha tanini. Pilipili nyingi na divai ya asilimia 14.5 huwashana mdomoni; siku hiyo chukua Cinsaut iliyopoa. Na samaki wa thomson msiinywee divai kali: chuma kilichomo kwenye divai hukutana na mafuta ya samaki, na mdomo unabaki na ladha ya sarafu. Ikibaki nusu chupa, izibe vizuri, isimamishe ndani ya frigo, na imalizeni ndani ya siku tatu. Umeme ukikatika usiku kucha, ihesabuni kama siku moja imepungua.