Jibu: Kwa nini vijumba vitatu vinajirudia

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini mstari wa vijumba vitatu katika mchezo wa Conway (miraba ambamo kila kijumba huwa hai au hufa, hatua kwa hatua, kulingana na majirani wake) haufi wala haukui, na kama mizunguko ya kila urefu ipo, yaani maumbo yanayojirudia baada ya idadi yoyote ya hatua.

Hesabu majirani, yaani vijumba hai kati ya miraba minane inayozunguka kila mraba: kijumba hai chenye wawili au watatu hubaki, vinginevyo hufa; mraba mtupu wenye watatu kamili huzaa kipya. Vya pembeni vina jirani mmoja mmoja, vinakufa. Cha kati kina wawili, kinabaki. Juu na chini yake, penye majirani watatu, vinazaliwa vipya. Mlalo umekuwa wima. Hatua inayofuata unarudi. Huku Unguja mimi hupanga kete za bao kwenye karatasi ya miraba, na kwa kuanzia naona ni bora kuliko kompyuta.

Ukipanga kumi mfululizo, hatimaye utapata umbo linalojirudia kila hatua 15. Na ndiyo, kila urefu upo: wa mwisho kupatikana, 19 na 41, ulikamilishwa 2023. Jambo kubwa hilo!