Usinyoe mguu kabla ya kubadilishiwa goti

Umeuliza kwa nini umepewa sabuni ya dawa kabla ya kubadilishiwa goti, na kama unaweza kunyoa mguu mwenyewe. Nianze na kunyoa, kwa sababu ndiko kulikoniponza.

Usiku wa kuamkia siku yangu ya upasuaji nilinyoa mguu kwa wembe, nikidhani ninawapunguzia wauguzi kazi. Asubuhi daktari aliona mikwaruzo miwili iliyovimba karibu na goti, akaahirisha upasuaji, nami nikatembelea mkongojo wiki tatu zaidi. Iliniuma, lakini alikuwa na haki. Wembe huacha michubuko, mingine isiyoonekana kwa macho, na humo bakteria huzaliana. Ikibidi nywele ziondolewe, wauguzi watazipunguza kwa mashine.

Bakteria wa jamii ya stafilokokasi huishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumdhuru, na takriban watu 3 kati ya 10 hubeba puani ile aina iliyo kali zaidi. Hatari huja wanapolifikia goti bandia, kwa kuwa chuma na plastiki havina damu ya kuwapelekea kinga ya mwili. Wakishajishikiza hapo hujijengea utando ambao antibiotiki hupenya kwa shida, na mara nyingi mgonjwa hulazimika kupasuliwa tena, pengine hata kiungo kitolewe.

Ndiyo maana umepewa sabuni ya dawa: hupunguza bakteria hao kwenye ngozi. Ikiwa yako ni klorheksidini kama yangu, oga kwanza kwa sabuni ya kawaida na ujisuuze vizuri, maana mabaki yake huidhoofisha dawa. Kisha funga maji, jipake kuanzia shingoni kushuka, uiache kama dakika 2 kabla ya kusuuza. Isiingie machoni, masikioni wala sehemu za siri, na ikikuwasha sana iondoe na uwaarifu wauguzi. Baada ya hapo usipake mafuta wala poda. Tumia taulo, nguo na shuka zilizofuliwa. Idadi ya siku fuata maelekezo ya hospitali yako.

Uliza pia kuhusu kipimo cha pua, kinachoonyesha kama unabeba ile aina kali. Kwa wanaoibeba, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 marhamu ya mupirosini, antibiotiki ya kupaka, kabla ya upasuaji wa mifupa. Mimi niliipaka puani mara 2 kwa siku, kwa siku 5.

Na jikague kila siku, hata katikati ya vidole vya miguu. Ukiona jipu, mpasuko au mahali ulipojikuna baada ya kuumwa na mdudu, pigia simu hospitali siku hiyohiyo, hata kama unaogopa kuahirishiwa.